Pasha Kwanza, Piga Baadaye

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wanne wanashuka kwenye magari, wanasalimiana, wanafungua kopo jipya la mipira, na kabla kamba za viatu hazijakazwa vizuri mmoja wao ameshaachia fohendi ya nguvu zake zote. Kiwanja kimekodiwa kwa saa moja na kila dakika imelipiwa, kwa hiyo kurukaruka pembeni kunaonekana kama kutupa hela. Gemu tatu za kwanza zinaisha mipira ikigonga uzio, na tayari kuna anayelisugua bega lake.

Nimecheza namna hiyo kwa miaka, pamoja na watu ninaowapenda, na nimewaona wakitoka kiwanjani wakichechemea. Ndiyo maana naandika haya. Vidokezo hivi ni vyetu sisi tunaocheza kwa kujifurahisha, ambao wiki nzima tuko ofisini, dukani au kwenye usukani, halafu Jumamosi tunaudai mwili ukimbie, usimame ghafla, ugeuke, uruke, na kuzungusha mkono juu ya kichwa mara kwa mara. Vinachukua dakika 20 hivi, na sehemu kubwa haihitaji kiwanja.

1. Fika kabla ya saa yako

Kama umekodi kiwanja kuanzia saa kumi na mbili jioni, uwe pale saa kumi na moja na dakika arobaini. Anayetoka kazini Posta, Dar es Salaam, akaenda moja kwa moja kucheza amekaa kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi: nyonga zimekaza, mgongo umejipinda kufuata kiti, mguu wa kulia umeshinda juu ya breki. Mwili huo unahitaji kufunguliwa polepole. Maegesho, nyasi za nyuma ya uzio, kibaraza cha kubadilishia nguo, popote penye nafasi ya hatua kumi panatosha. Saa uliyolipia itumike kwa mpira.

2. Joto la hewa si joto la misuli

Hili ndilo kosa letu la Pwani. Mtu wa Dar, Tanga au Mombasa anauliza: jua lote hili, nipashe nini tena? Jasho limeanza kumtoka tangu yuko njiani. Lakini jasho hilo ni ngozi inajipoza. Ndani ya paja, msuli haujafanya kazi yoyote. Msuli hupata joto lake kwa kujikunja na kujikunjua wenyewe, huku damu ikiongezeka kuuendea. Ukishapata joto hukaza haraka na kulegea haraka, ujumbe wa neva husafiri kwa kasi zaidi, na ule ute ulio kwenye maungio hulainika, goti likakubali kupinda bila kulalamika.

Kwa hiyo anza na mchakamchaka mwepesi, dakika 3 hadi 5. Kimbia mbele, rudi kinyumenyume, kisha nenda upande kwa upande kama kaa, kwa sababu kwenye tenisi unakwenda upande mara nyingi kuliko unavyokwenda mbele. Mwenye kamba ya kuruka aitumie; dakika mbili za kamba zinaamsha vifundo vya miguu kuliko mbio ndefu. Kipimo chako ni jasho jembamba kwenye paji la uso na pumzi iliyopanda kidogo, lakini bado unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kuimaliza sentensi, umepitiliza.

Januari hadi Machi Dar es Salaam, fanya haya kivulini na uyafupishe kidogo, maana jua litakudai baadaye. Nairobi mwezi wa Julai ni kinyume chake. Asubuhi inaweza kuwa na nyuzi 12 hivi, mpira wenyewe unadunda kivivu, na hapo unaongeza dakika tano nzima na huvui sweta mpaka uone jasho.

3. Kujinyoosha kwa kutulia kuache hadi mwisho

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuanza nako: kaa chini, nyoosha miguu, shika vidole vya miguu, mwalimu anahesabu hadi thelathini, halafu tena. Tulikuwa tunamtii mwalimu, na mwalimu naye alifundishwa hivyo. Wataalamu wa mazoezi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na wakaona kwamba msuli ukivutwa na kushikiliwa muda mrefu, hasa ukipita dakika moja, hupoteza kwa muda sehemu ya nguvu na mruko wake. Ukijivuta sekunde chache hakuna neno. Lakini tenisi ni mchezo wa mruko: unachomoka, unafunga breki, unachomoka tena. Hutaki miguu iliyolegea saa ile ile unapoihitaji.

Kabla ya mechi, nyoosha misuli ikiwa kwenye mwendo. Baada ya mechi, umekaa kwenye benchi na chupa ya maji, hapo shika vidole vya miguu hata dakika mbili ukipenda.

4. Amsha maungio kutoka chini kwenda juu

Mimi huanzia kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu nikianzia juu husahau vya chini. Zungusha kila kifundo mara 10 kila upande. Kisha shika uzio au ukuta na uurushe mguu mmoja mbele na nyuma kama bembea, mara 10, halafu kushoto na kulia mbele ya mwili, mara 10 nyingine, ndipo ubadilishe mguu. Urushe kwa ulegevu. Usishindane na uzio.

Piga hatua ndefu mbele, shusha goti la nyuma karibu na ardhi, na ukiwa chini geuza kifua kuelekea upande wa mguu wa mbele. Hatua sita kila mguu. Zoezi hili moja linafungua nyonga, paja na mgongo kwa pamoja, na kama una dakika mbili tu katika maisha yako yote ya tenisi, zitumie hapa. Fohendi nzuri inatoka kwenye kiuno kinachogeuka. Mtu mwenye kiuno kilichokaza hupiga kwa mkono mtupu, na kiwiko ndicho kinacholipa.

Malizia kwa kuchora duara kwa mikono, ndogo kisha kubwa, mbele na nyuma, halafu jikumbatie na ujifungue mara 10. Viganja vizungushwe kidogo. Basi.

5. Shavu la mguu lina hadithi yake

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Nimechelewa, wenzangu watatu wananisubiri, kwa hiyo niliweka begi chini na kuingia moja kwa moja. Katika mpigo wa pili au wa tatu wa mechi mpinzani aliudondosha mpira karibu na wavu. Nikachomoka kuufuata, na hapo nikasikia pigo nyuma ya mguu wa kushoto, kama nimerushiwa jiwe. Niligeuka kuangalia ni nani aliyelirusha. Nyuma yangu palikuwa na uzio tu.

Daktari aliponisikiliza alitabasamu kwa upole, akanimalizia hadithi mwenyewe. Wagonjwa wengi huisimulia hivyo hivyo: walihisi wamepigwa, wakageuka kutafuta mtu. Jeraha hili ni la kawaida kiasi kwamba madaktari wamelipa jina la mguu wa tenisi. Ni kuchanika kwa msuli mkubwa wa shavu la mguu, upande wa ndani, goti likiwa limenyooka na kisigino kikikandamizwa ardhini kwa ghafla, yaani hasa mkao ule wa kuchomoka kwenda wavuni. Huwapata zaidi watu wa umri wa kati, wakiwa katika nguvu zao na shauku ya mchezo. Wiki mbili za mwanzo nilishuka ngazi kwa kushika ukuta, na binti yangu ndiye aliyenibebea mkoba wa kazini. Iliniuma zaidi kumwona akipunguza mwendo ili nisibaki nyuma.

Tangu siku hiyo sianzi kucheza bila kuyaandaa mashavu ya miguu. Simama, nyanyua visigino taratibu, shusha taratibu, mara 15 kwa miguu yote miwili, kisha mara 8 hadi 10 kwa mguu mmoja mmoja ukiwa umeshika ukuta. Ruka vijiruko vidogo 20 papo hapo, magoti laini, ukitua kwa mbele ya wayo. Halafu, na hii ndiyo sehemu inayosahaulika, chomoka hatua tano na ufunge breki. Mara ya kwanza kwa nusu ya kasi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu na ya nne kwa kasi karibu na ya mechi. Mguu ukutane na mshtuko huo mara nne kwa hiari yako, kabla mpinzani hajaulazimisha.

6. Bega: mrushie mwenzako embe

Servisi ni kurusha. Ukimwangalia mtoto anayeangua embe kwa jiwe utaona kila kitu: mguu wa mbele umetangulia, kiuno kinageuka, kiwiko kinapanda, mkono unafuata mwishoni kama kiboko. Hakuna aliyemfundisha. Sisi watu wazima tunaokaa mbele ya kompyuta tumeusahau mwendo huo, na tunataka kuukumbuka kwa raketi mkononi na kwa nguvu zote.

Kwa hiyo usianze na raketi. Chukua mpira mkuukuu, simama hatua nane kutoka kwa mwenzako, mrushie kwa mkono wako wa kuchezea, naye akurudishie. Mara tano karibu, mara tano mkiwa mmesogea nyuma, mara tano mbali kabisa, mpira ukipanda juu kidogo. Kufikia mwisho bega limekumbuka kazi yake.

Ukiwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, ongeza hili. Kifunge kwenye nguzo ya uzio usawa wa kitovu, simama ubavu kwa nguzo, bana kiwiko mbavuni kikiwa kimepinda kama pembe ya mraba, na uvute kiganja kwenda nje polepole, kisha ukirudishe polepole zaidi. Mara 12, upumzike, mara 12 tena. Unaamsha misuli midogo ya nyuma ya bega, sehemu ya kundi la misuli minne inayokishika kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya bega. Ndiyo inayoufungia mkono breki baada ya servisi. Ile misuli mikubwa ya kifua inayousukuma mkono mbele kila mtu anaikumbuka. Hii ya breki inakumbukwa ikishauma.

7. Miguu iwe na moto wake

Waliomwangalia Rafael Nadal akicheza wanakumbuka: wakati wa kura ya nani aanze, wavuni, mwenzake amesimama wima na yeye anarukaruka, kisha anageuka na kwenda mbio hadi mstari wa nyuma. Wengine walidhani ni vitisho. Mwili wake ulikuwa unaingia kwenye mechi kabla ya mechi.

Fanya kajiruko kadogo, miguu miwili ikitua pamoja, imeachana upana wa mabega, magoti yamepinda. Ukitua tu, mwenzako aonyeshe kidole kushoto au kulia, nawe uende hatua tatu upande huo na urudi. Mara sita hadi nane. Hicho ndicho kijiruko unachotakiwa kukifanya kila mara mpinzani anapokaribia kupiga mpira, na ukikifanya pembeni mwa kiwanja utakikumbuka ndani.

8. Pigeni kura kwanza

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinataka kura ya nani aanze na nani akae upande gani ipigwe kabla ya kupashana mipira uwanjani. Sisi wa Jumamosi huwa tunaipiga mwishoni. Fuata kanuni, ina faida: ukishajua kwamba wewe ndiye unayeanza, utalipa bega lako muda zaidi. Na ukishinda kura huku bega bado zito, chagua kupokea. Katika mechi ya wawili wawili mwachie mwenzako atangulie kupiga servisi. Zamu yako itafika gemu ya nne, na kufikia hapo mwili umeshachangamka.

Kanuni hizo hizo zinaupa mpashano wa uwanjani dakika tano tu, isipokuwa waandaaji wameamua vingine. Hapa ndipo televisheni inapotupotosha. Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, wengi wetu huku tulianza kufuatilia tenisi kwa jicho jipya, na nilifurahi mno kusikia watoto wakilitaja jina lake. Lakini kinachoonekana kwenye kioo ni wachezaji kuingia, kupigiana mipira dakika tano, na mechi kuanza. Mchezaji wa ngazi ile anapotokea mlangoni ameshakimbia, ameshalifanyia kazi bega lake, na mara nyingi ameshapiga mipira mapema siku hiyo kwenye kiwanja cha mazoezi. Zile dakika tano ni za kuzoea upepo, jua na mdundo. Ukiiga hizo peke yake umeiga mwisho bila mwanzo.

9. Anzia kwenye maboksi ya servisi

Simameni wote wawili karibu na mstari wa servisi, mita 6.40 kutoka wavuni, na mpigiane mpira mdogo mdogo ndani ya maboksi. Raketi irudi nyuma kidogo tu, mpira ugongwe mbele ya mwili, uvuke wavu kwa upole na udunde kabla ya mstari. Jaribuni kufika mipigo 20 bila kukosea. Ni rahisi kusoma, si rahisi kufanya, kwa sababu mkono unaotaka kuonyesha nguvu hauwezi kutulia.

Dakika mbili au tatu za hivi hulifundisha jicho kuufuata mpira na kiganja kuizoea raketi. Hata anayeshika raketi kwa kuibana mno hujigundua hapa. Ibane kama unavyomshika kifaranga, asichomoke na asiumie. Wanaosumbuliwa na kiwiko wakae hapa muda mrefu zaidi ya wengine.

10. Kwa dakika tano, mpinzani ni mwenzako

Rudini kwenye mstari wa nyuma na mpigiane katikati. Nasema katikati. Kuna watu, na tunawapenda, ambao kwenye kupashana humpeleka mwenzao kona hii na kona ile, wakimwacha akiokota mipira uzioni. Hawajapasha wala hawajampa mwenzao nafasi ya kupasha. Mpigie mpira anaoufikia kwa hatua mbili, akurudishie wa namna hiyo hiyo, na wote wawili mtapata mipigo thelathini badala ya mitano.

Baada ya dakika mbili mmoja asogee wavuni apige volei sita au saba, fohendi na bekihendi, kisha alishwe mipira mitatu ya juu apige smashi. Mwingine naye apewe zamu yake. Mkiwa wanne, kila mmoja apigiane na aliye mbele yake, mipira miwili ikienda sambamba. Na ndiyo, unaruhusiwa kumsoma mpinzani wakati huu. Angalia kama bekihendi yake inakwepa mpira wa juu. Kaa nayo kimya hadi mechi ianze.

11. Servisi ipande ngazi moja moja

Hiki ndicho kipengele ninachokililia zaidi. Watu wazima wenye kazi zao hupiga servisi mbili, wanasema niko sawa, na baadaye wanamaliza mechi wakipiga kwa mkono wa chini.

Servisi mbili za mwanzo zisiwe servisi kabisa: rusha mpira juu, uache uanguke, uone kama unaangukia mbele ya mguu wako. Kisha piga mbili kwa nusu ya nguvu, ukifuatilia mkono ushuke mpaka mwisho. Mbili kwa robo tatu. Mbili za mechi. Fanya hivyo upande wa kulia na wa kushoto wa kiwanja, kwa sababu pembe zinatofautiana na jua nalo. Kwa mechi ya jioni, upande mmoja unaweza kukutana na jua machoni unaporusha mpira. Afadhali ulijue hilo sasa. Jumla haifiki servisi 20, na kama mlirushiana mpira katika kidokezo cha 6, bega halitashtuka.

Kubalianeni kama mpokeaji atarudisha au atadaka tu. Kuna vikundi vinavyoruhusu kila mtu, katika gemu yake ya kwanza, arudie servisi mpaka iingie. Siupendi utaratibu huo. Unampa mtu ruhusa ya kutopasha, kisha anapiga servisi sita za nguvu mfululizo akiwa baridi.

12. Ukipanda mlima, ongeza muda

Mwaka mmoja nilitoka Dar kwenda kucheza na ndugu zangu Nairobi. Seti ya kwanza sikuamini macho yangu: mpigo ule ule ambao nyumbani unatua ndani, kule ulivuka mstari wa nyuma kwa mita nzima. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, kwa hiyo unakwenda kasi zaidi na mbali zaidi, na mzunguko unaoupa hauupindishi chini kama ulivyozoea. Kwenye mwinuko unaopita mita 1,219, kanuni za kimataifa zina mipira yake maalumu. Mipira ya kawaida ya kopo hudunda juu mno kule.

Arusha, yenye mwinuko wa karibu mita 1,400, nayo itakushangaza. Anayetoka Pwani aongeze angalau dakika tano kwenye mstari wa nyuma, apunguze urefu wa mkono anaorudisha nyuma, na auzungushe mpira zaidi ili ushuke. Pumzi nayo itakuwa fupi, hivyo mchakamchaka uwe wa taratibu. Anayeshuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa atakuta kinyume: mpira unafia kwenye wavu na raketi inaonekana imepungukiwa. Yeye hana kosa wala raketi haina kosa. Ni hewa nzito ya baharini. Ajipe muda aupandishe mpira juu ya wavu kwa nafasi kubwa zaidi.

13. Viatu na maji

Pasha ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyochezea. Viatu vya kukimbilia barabarani vina soli laini iliyoinuka na havikushiki unapokwenda upande, kifundo hupinduka. Maji yanywe kidogo kidogo kuanzia nyumbani, si chupa nzima mlangoni.

14. Ukakasi unaachia, maumivu hayaachii

Msuli mgumu asubuhi hulegea kadiri unavyopasha. Kufikia dakika ya kumi umeusahau. Maumivu ya kuchoma, ya sehemu moja unayoweza kuiwekea kidole, yanayozidi kila unapoongeza nguvu, hayo ni habari nyingine. Ukiyasikia wakati wa kurusha mpira au kunyanyua visigino, waambie wenzako leo utahesabu pointi. Wenzangu waliwahi kunikasirikia kwa kuwaharibia hesabu ya wanne, na nilikubali lawama hiyo kwa moyo mweupe. Juma lililofuata nilicheza.

15. Mvua ikikatisha

Masika ikifika, mechi zetu hukatwa katikati. Mnakimbilia kibandani, mnakaa robo saa na nguo zenye jasho, jua linatoka, mnafuta maji kwenye mistari, na mtu anauliza: ilikuwa ngapi ngapi? Mnaendelea kana kwamba hamkusimama. Miguu lakini ilishapoa tangu dakika ya kumi ya kukaa.

Kwenye mashindano makubwa ya kulipwa, mechi ikisimama zaidi ya robo saa wachezaji hupewa dakika 3 za kupasha upya, na ikipita nusu saa hupewa 5. Wale ni vijana wenye wataalamu wa viungo pembeni. Sisi tujipe hizo dakika 5 kila mara. Na kibandani usikae muda wote. Vaa fulana kavu, simama, nyanyua visigino, zungusha mikono, ruka kamba chini ya bati huku mvua ikiliimbia. Siku moja mwezi wa Aprili tulikuwa wanne chini ya bati lile, mzee wetu wa miaka sabini na moja akinyanyua visigino na kutuhesabia kwa sauti, na alipofika kumi na tano mvua ilikuwa imekwisha. Tukachukua vifagio, tukafuta boksi lake la servisi kwanza, naye akapiga mbili za nusu nguvu, mbili za robo tatu, akatuuliza kama tuko tayari.